Mazoezi Huanza kwa Swali, Si kwa Amri

Oktoba 1967, Mwalimu Julius Nyerere, akiwa na umri wa miaka 45, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Safari hiyo ya zaidi ya kilomita 200 ilikuwa na mambo matatu: sababu aliyoiamini, mwendo uliogawanywa kwa siku, na watu wa kufuatana nao. Walimu wa mazoezi ya viungo hutegemea mambo hayohayo.

Katika kliniki nyingi, mgonjwa wa kisukari au shinikizo la juu la damu huambiwa afanye mazoezi wakati tayari ameshika dawa zake, yu mlangoni. Akirudi bila kuanza, huonekana mvivu. Wanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci na Richard Ryan, wameeleza kwamba mtu hudumu katika jambo alilolichagua mwenyewe, analolimudu, na analoungwa mkono na wenzake. Amri pekee haimpi hata moja kati ya hayo.

Kwa hiyo mwalimu hodari huanza kwa kuuliza: ungependa mwili wako ukuwezeshe kufanya nini? Mzee wa Butiama huenda akataka kufika shambani bila kuhema; mama lishe wa Bunda, kusimama jikoni bila magoti kuuma. Jibu hilo ndilo lengo.

Kisha hufuata kipimo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli. Kiwango hicho hufikiwa hatua kwa hatua. Karani wa Musoma anayeketi kutwa nzima aweza kuanza kwa kutembea dakika 10 kando ya ziwa, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Mkulima aliyelima asubuhi nzima, kazi yake nayo ihesabiwe.

Jambo la tatu ni wenzi. Tangu Desemba 2016 Serikali imehimiza mazoezi ya pamoja Jumamosi ya pili ya kila mwezi, na vikundi vya mbio za pole huwapa watu miadi ya kutimiza. Asiyefika hakaripiwi, huulizwa kilichomzuia, na hatua ikapunguzwa.

Tahadhari ni sehemu ya kutia moyo. Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuanza, achukue kitu kitamu, avae viatu vinavyomtosha na kukagua miguu yake. Akihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mara moja na kutafuta matibabu.

Zahanati isiyo na ukumbi wa mazoezi haikosi nyenzo. Mhudumu aulize swali moja, aandike kwenye kadi hatua moja aliyoichagua mgonjwa, na siku ya marudio aanze kwa kuuliza habari za hatua hiyo kabla ya kupima sukari.