Fahamu: Kwa nini Prelude mpya ina ulaji wa mafuta wa aina mbili?

Honda iliirudisha Prelude sokoni Japani Septemba 2025, safari hii ikiwa haibridi yenye injini ya lita 2.0. Kwao inatangazwa kwa kilomita 23.6 kwa lita. Nchini Marekani, shirika la mazingira EPA linaipa kama 18.7. Gari ni lile lile.

Tofauti kubwa iko kwenye mtihani. Kote wanapimia maabara, magurudumu yakizunguka juu ya rola. Ila Japani imeiacha sehemu ya mwendo mkali kabisa, wa hadi kilomita 131 kwa saa, ambayo Ulaya wanaipima. Wamarekani nao wanahesabu joto la nyuzi 35 na kiyoyozi kikiwaka, baridi kali, hata dereva mwenye mguu mzito. Ukiniuliza mimi, namba ya Wamarekani ndiyo ya kupangia bajeti.

La ajabu ni kwamba Prelude inakula kidogo mjini (19.6) kuliko barabara kuu (17.4). Kwenye foleni mota ya umeme ndiyo inayosukuma, na kila ukishika breki sehemu ya nguvu inarudi kwenye betri. Barabara kuu breki hushikwa mara chache, na upinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa kasi: toka 80 hadi 120, ni mara 2.25.

Mwenye gari apime mwenyewe. Jaza tangi hadi pampu ijikate, rudisha kihesabu safari kwenye sifuri, tembea, jaza tena pampu ile ile, kisha gawanya kilomita kwa lita. Dashibodi mara nyingi hukupendelea.