Mfupi na pikipiki ya mbio: Pima mguu kabla ya kuhesabu noti

USOKE, TABORA. Fedha za tumbaku zikishaingia mfukoni, vijana wengi wa hapa Usoke, wilayani Urambo, huwaza pikipiki. Wengi huchukua ya kazi, ile ya bodaboda. Lakini wapo wachache ambao roho zao ziko kwenye mchuma wa mbio: Kawasaki Ninja, Yamaha R3, Suzuki GSX-R. Mpya haishikiki kwa bei, hivyo wanasaka mtumba.

Tatizo linaanza pale mnunuzi anapokuwa mfupi. Kijiweni ataambiwa hiyo si saizi yake, atafute skuta.

Wanaosema hivyo hawafuatilii mbio. Mhispania Dani Pedrosa, mwenye kimo cha kama sentimita 160, alishinda mbio 31 za MotoGP, tena baada ya kubeba ubingwa wa dunia wa 125cc mwaka 2003 na wa 250cc mwaka 2004 na 2005. Mwenzake Ana Carrasco, mfupi kuliko yeye, alitwaa ubingwa wa dunia wa Supersport 300 mwaka 2018 akiwa na Ninja 400, huku akichuana na wanaume.

Ila kuna jambo moja. Kwenye mbio, mafundi wapo wa kukushikia pikipiki unapotoka gereji. Huku kwetu unasimama mwenyewe: kwenye tuta, mbuzi wanapovuka, au unapotoka lami ya Tabora–Urambo na kuingia kwenye mchanga. Pikipiki ikiwa kwenye kasi haijui kimo chako. Ikisimama, inajua.

Anza na kiti

Vaa viatu utakavyoendeshea, simama ukiegemea ukuta, kisha pima kutoka msamba hadi chini. Linganisha na kimo cha kiti. Yamaha R3 ina sentimita 78, Ninja 300 ina 78.5. GSX-R600 inafika 81 na Yamaha R6 inapanda hadi 85. Tofauti ya sentimita saba kati ya R3 na R6 ndiyo inayoamua kama utakanyaga au utaning'inia.

Usiishie kwenye namba, maana kiti kipana kinaitanua miguu na kukupunguzia urefu. Panda, iondoe stendi, iweke wima. Sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili ikigusa chini, inatosha. Wengine hutelezesha kiuno upande mmoja na kushusha mguu mmoja mzima. Ni mbinu nzuri, ila ifanyie mazoezi kabla ya kuingia barabarani.

Uzito nao ni mchezo

Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita njia hii kwenda Ujiji walibeba kama frasila mbili, takribani kilo 32, kwa safari ya wiki nyingi. Waliweza kwa sababu mzigo ulikaa sawa begani. Pikipiki ni hivyo hivyo. Ninja 300 ina kama kilo 172 ikiwa na mafuta, R6 inakaribia 190. Ikiwa wima unaimudu. Ikishaanza kulala, mwenye miguu mifupi hana pa kuizuia. Kabla ya kulipa, isukume mbele na nyuma ukiwa umeikalia. Ukishindwa dukani, kwenye mchanga hutaweza.

Iliyoshushwa, ichunguze

Dalali anaweza kukuletea iliyokwisha kushushwa. Kupunguza sponji ya kiti hakuna madhara makubwa. Kubadilisha vyuma vya shokapu ya nyuma ni habari nyingine: tumbo la pikipiki linakaribia ardhi na litagonga tuta. Stendi ya pembeni nayo inakuwa ndefu mno, pikipiki inasimama wima kupita kiasi na upepo mdogo unaiangusha. Kama nyuma imeshushwa na mbele imeachwa, usukani unakuwa mzito kwenye kona.

Kagua pia makovu ya ajali: ncha za usukani, mikono ya klachi na breki, kava za injini. Tazama kama fomu za mbele zinavuja oili. Tairi lina tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, yaani limezeeka hata kama meno yapo. Iwashe injini ikiwa baridi. Ukikuta imeshapashwa moto kabla hujafika, jiulize kwa nini. Namba ya chasisi ilingane na kadi.

Mwisho, tenga hela ya spea. Ya bodaboda utaipata hapa hapa. Ya Ninja utaiagiza mbali na kuisubiri. Na kofia ngumu inunue siku hiyo hiyo, inayokubana kichwa sawasawa.