Uzi wa Kilomita 27

Bibi yangu alikuwa msukaji wa kawa, yale mafuniko ya mviringo ya kufunikia chakula. Alianza na kitovu kidogo katikati, kisha akashona ukili kukizunguka, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kawa ikatosha sinia. Akitumia ukili mpana alimaliza mapema, lakini nakshi zake zilikuwa chache. Akitumia ukili mwembamba kama kidole cha mtoto, kazi ilimchukua siku nyingi, na humo ziliingia nyota, misumeno, hata majina ya watu. Kawa zote mbili zilikuwa na ukubwa ule ule. Tofauti ilikuwa wembamba wa ukili.

Nimeanza na kawa, wanangu, kwa sababu leo nawasimulia habari za diski za gemu, na diski imeshonwa vivyo hivyo.

Ishikeni moja mkononi. Tangu CD ya kwanza ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, upana ni sentimita 12 na unene ni milimita 1.2. Zipangeni CD, DVD na Blu-ray mezani mzipime kwa rula, hamtaona tofauti. Ndani ya kila moja kuna njia nyembamba inayozunguka kama ukili wa bibi, na njia hiyo imejaa vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Mashine inaizungusha diski, mwale wa leza unaifuata njia, unagonga na kurudi. Kila mwale unapoingia kwenye kishimo au kutoka, mwanga unaorudi hubadilika. Mashine huyasoma mabadiliko hayo kama ninyi mnavyosoma herufi, na humo ndimo anamotoka mchezaji wenu akikimbia na mpira.

Mkiichomoa njia ya CD na kuinyoosha kama uzi, itafika kilomita 5 na ushei. Ya DVD itakaribia kilomita 12. Ya Blu-ray, tena tabaka moja tu, ni kama kilomita 27. Hebu fikirini: uzi wa kilomita 27 ndani ya kitu mnachoweza kukichomeka kwenye daftari la hesabu!

Nani aliupunguza ukili huo? Rangi ya nuru. Nuru husafiri kwa mawimbi, na leza haiwezi kusoma kishimo kilicho kidogo mno kuliko wimbi lake, kama vile huwezi kuokota punje moja ya mtama kwa sepetu. Leza ya CD ina wimbi la nanomita 780, na nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Leza ya DVD ni nyekundu, nanomita 650. Ya Blu-ray ni buluu inayoelekea zambarau, nanomita 405. Pamoja na nuru hiyo, lenzi nazo zikaboreshwa ili kuukusanya mwale kwenye nukta ndogo zaidi. Basi CD ikabeba megabaiti kama 650, DVD ikabeba gigabaiti 4.7 kwa tabaka moja, na Blu-ray gigabaiti 25.

Nuru hiyo ya buluu haikupatikana kirahisi. Taa ndogo nyekundu zilikuwako kwenye redio na mashine za hesabu tangu zamani, lakini buluu angavu iliwashinda wataalamu kwa miongo kadhaa. Huko Japani, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano wa Nagoya, na Shuji Nakamura aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Nichia mkoani Tokushima, waliing'ang'ania fuwele ambayo wengi walikuwa wameikatia tamaa. Wakaiwasha. Mwaka 2014 wote 3 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa taa hiyo ya buluu, na fuwele za jamii hiyo hiyo ndizo zilizozaa leza ya buluu. Kila diski ya Blu-ray mnayoiona ina jasho la watu hao.

Sasa tuingie kwenye mashine za gemu zenyewe.

Zamani gemu ziliuzwa ndani ya katriji, kisanduku cha plastiki chenye chipu ndani. Nintendo ya Japani ndiyo iliyotamba. Ikakubaliana na Sony watengeneze pamoja mashine ya kusoma CD, na mhandisi wa Sony aliyekuwa mstari wa mbele aliitwa Ken Kutaragi. Juni 1991, kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki mjini Chicago, Sony ikaitangaza mashine hiyo mbele ya watu. Siku iliyofuata Nintendo ikasimama na kutangaza kwamba itashirikiana na Philips. Ilikuwa aibu kubwa. Kutaragi hakukunja mkeka. Aliendelea na kazi, na tarehe 3 Desemba 1994 Sony ikaingiza sokoni mashine yake yenyewe, PlayStation, inayocheza CD.

Nintendo ikabaki na katriji. Nintendo 64 ilipotoka mwaka 1996, katriji kubwa kuliko zote ilizopata kuwa nazo ilibeba megabaiti 64, yaani sehemu moja ya kumi ya CD, na kutengeneza katriji kulikuwa ghali zaidi kuliko kugonga diski. Kampuni ya Square, iliyokuwa ikiitengenezea Nintendo gemu za Final Fantasy, ikahamia kwa Sony. Mwaka 1997 ikatoa Final Fantasy VII yenye filamu nyingi ndani yake, ikajaza CD 3. Kuitia kwenye katriji ya wakati ule isingewezekana bila kuikata mikono na miguu.

Ila msikimbilie kuicheka katriji. Aliyecheza Nintendo 64 aliwasha na kuanza papo hapo. Aliyecheza PlayStation alikaa akitazama skrini nyeusi huku diski ikizunguka na leza ikitafuta njia yake. Diski ni ghala kubwa lenye mlango mwembamba. Lishikeni neno hilo la mlango, kwa sababu ndipo hadithi yote inapogeukia.

DVD nitaipita haraka. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, na familia nyingi ziliinunua kwa sababu mbili kwa mpigo: watoto wacheze gemu, wazazi watazame filamu. Huku kwetu vibanda vya gemu vya mitaani vilijaa mashine hizo, padi zimefungwa mpira na waya zimeungwaungwa. Ikawa moja ya mashine za gemu zilizouzwa sana kuliko zote duniani.

Vita vikali vilikuja mwaka 2006. Nuru ya buluu ilikuwa tayari, lakini makampuni hayakukubaliana namna ya kuitumia. Sony na wenzake walishika Blu-ray, gigabaiti 25 kwa tabaka. Toshiba na wenzake walishika HD DVD, gigabaiti 15 kwa tabaka. Sony ikaitia Blu-ray ndani ya PlayStation 3, ikaiuza Marekani kwa dola 499 na 599, bei iliyowashtua watu. Microsoft iliyokuwa na Xbox 360 ikabaki na DVD, ikauza kisomeo cha HD DVD pembeni kwa anayetaka filamu. Februari 2008 Toshiba ikainua mikono, na Blu-ray ikashinda.

Tofauti nyumbani kwa mchezaji ilionekana wazi. Gemu ya Lost Odyssey kwenye Xbox 360 ilikuja na DVD 4. Final Fantasy XIII ilienea kwenye Blu-ray moja ya PlayStation 3, lakini mwenye Xbox 360 alipewa DVD 3, akawa anainuka kitini kubadilisha diski kama anayegeuza kaseti. Hata hivyo mashine zote mbili ziliuzwa zaidi ya milioni 80 kila moja. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema diski kubwa ndiyo inayoshinda vita vya gemu, simkubalii. Diski kubwa humpa mtengenezaji nafasi. Bei na gemu zenyewe ndizo zinazomleta mnunuzi.

Mlango mwembamba nao ulizidi kusumbua. PlayStation 4 ilipotoka mwaka 2013, diski iliacha kuwa mahali pa kuchezea gemu. Unaitia, mashine inanakili yaliyomo kwenye hifadhi yake ya ndani, kisha inasoma humo ndani. PlayStation 5 ya mwaka 2020 inasoma diski za gigabaiti 100, zenye matabaka 3 yaliyolaliana. Diski hiyo ikizunguka kwa nguvu zake zote, inatoa kama megabaiti 45 kwa sekunde. Hifadhi ya ndani ya mashine hiyo hiyo inatoa gigabaiti 5.5 kwa sekunde. Kazi ya sekunde moja ndani, diski ingeifanya kwa dakika 2. Diski leo ni jahazi la kuleta mzigo bandarini, na kupika kunafanyika kwenye jiko la ndani.

Je, jahazi kubwa zaidi linakuja? Linawezekana. Mwaka 2014 Sony na Panasonic zilitangaza diski za kuhifadhia kumbukumbu za makampuni, za kuanzia gigabaiti 300. Februari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Shanghai walieleza katika jarida la Nature diski yenye upana kama wa DVD, yenye matabaka 100, inayoweza kubeba petabiti 1.6. Hiyo ni kama terabaiti 200, sawa na diski 2,000 za PlayStation 5 zilizolundikwa kwenye moja. Ajabu kubwa, lakini ni kazi ya maabara bado, na hairekodiwi kwa haraka.

Tuseme mashine yenu ijayo itakuja na diski ya terabaiti 1. Itafaa nini? Gemu nzima itaingia, picha zake zote bila kubanwa. Sauti za wahusika zitaingia kwa lugha nyingi, na siku hiyo mtengenezaji hatasema Kiswahili kimekosa nafasi. Lakini pigeni hesabu: kunakili terabaiti 1 kwa megabaiti 45 kila sekunde ni zaidi ya saa 6. Utaiweka asubuhi, ucheze jioni. Ghala limepanuka, mlango ni ule ule. Ndiyo maana nasema diski ya kesho isikuzwe tumbo tu, isomwe kwa miale mingi kwa pamoja. Si ndoto. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kenwood iliuza kisomeo cha CD kilichogawanya leza ikawa miale 7, kila mmoja ukisoma mzunguko wake wa njia. Wazo hilo likirudishwa kwenye nuru ya buluu, diski ya gigabaiti 300 au 500 ingekuwa na maana nyumbani.

Kwa sasa makampuni yanatazama upande mwingine. Xbox Series S haina tundu la diski. PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 nayo inauzwa bila kisomeo, anayekitaka anakinunua pembeni. Nintendo Switch 2 ya Juni 2025 ina kadi za hadi gigabaiti 64, lakini baadhi ya kadi zake hazina gemu ndani, zina ufunguo tu wa kukuruhusu kuipakua. Wanasema intaneti imelitatua suala la ghala na mlango.

Mimi nina mpwa wangu. Alikusanya pesa tangu Ramadhani mpaka Krismasi, akanunua gemu yenye diski, akaja nayo mbio nyumbani. Diski ikaingia, kisha skrini ikamwambia kwamba sehemu kubwa ya gemu haimo, apakue. Bando la mama yake likaisha usiku ule ule, na gemu haikufika hata robo. Kijana alilala na kasha kifuani. Gigabaiti 100 kwenye intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, ikiwa haikatiki hata mara moja, huchukua saa 22. Kwa nyumba yenye nyaya za kasi hilo ni jambo la usiku mmoja. Kwa nyumba inayonunua bando kwa siku, huo ni ukuta.

Diski iliyo kamili unaweza kumwazima jirani, kuiuza ukiichoka, au kuicheza miaka 20 baadaye hata kama ofisi ya walioitengeneza imefungwa. Gemu ya kupakuliwa huwezi kumpa binamu yako aliyeko kijijini. Kwa hiyo natamani, tena sana, mashine za kesho zibaki na tundu la diski, na diski yenyewe iwe kubwa kiasi cha kubeba gemu yote mpaka neno la mwisho. Na kama kati yenu yuko atakayekuwa mhandisi, kazi ya kuupanua mlango ule bado inamsubiri.

Kwa leo, mkienda dukani, kabla hamjatoa pesa geuzeni kasha msome maandishi madogo ya nyuma. Yakisema gemu lazima ipakuliwe, mwulizeni muuzaji ni gigabaiti ngapi, kisha mpige hesabu ya bando papo hapo kaunta.