Posa ya Porini Chini ya Mlima Meru

Watu wengi wanaoikumbuka senema ya Hatari!, iliyopigwa Momella, chini ya Mlima Meru, na Arusha kati ya mwishoni mwa 1960 na mapema 1961, Tanganyika ikiukaribia uhuru wake, hukumbuka vifaru na vumbi, wakasahau kwamba kwa asili yake ni kisa cha mahaba cha kuchekesha.

Mwongozaji wake, Howard Hawks wa Marekani, alikuwa bingwa wa fani hiyo. Katika Bringing Up Baby ya 1938 alimtwika mtaalamu wa mifupa ya kale mzigo wa chui. Na katika I Was a Male War Bride ya 1949 alimwoza ofisa wa Kifaransa luteni wa kike wa Marekani, kisha, kwa kuwa karatasi za serikali ziliwajua mabibi tu, bwana akalazimika kusafiri kwa jina la bibi harusi wa mwanajeshi.

Huku Meru, katika Hatari!, Sean, anayeigizwa na John Wayne, ni mkuu wa wakamata wanyama wa kupelekwa katika bustani za ng'ambo. Aliwahi kuachwa na mchumba asiyeyastahimili maisha ya porini, na tangu hapo huwaogopa wanawake kuliko awaogopavyo vifaru, ambao huwafuata mbio ameketi kwenye kiti kilichofungwa nje ya gari, ameshika mti mrefu wenye kitanzi. Waigizaji waliifanya kazi hiyo wenyewe, nayo huonekana. Usiku mmoja Sean akuta mwanamke amelala kitandani mwake: ndiye mpigapicha Dallas, yaani Elsa Martinelli, ambaye baadaye huwalea ndovu yatima hata Waarusha wakamwita Mama Tembo. Naye atorokapo kwa kudhani hapendwi, mshenga ni ndovu mchanga, anayefuata harufu yake katika barabara za Arusha. Sijaona posa ya senema inayonifurahisha kuliko hiyo.

Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji, alipendezwa na mahali hapo hata akanunua shamba Momella akaishi huko. Lakini wenyeji wa mlima, ambao nchi na lugha yao ndizo zilizoipa senema hii sura na jina, walipewa maneno machache mno, na jambo hilo hunichoma kila niitazamapo. Natamani vijana wetu wa Arusha watupigie posa nyingine papo hapo Momella, yenye vituko vile vile, ambamo mposaji, mposwa na mshenga wote watakuwa watu wa Meru, wakizozana kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi nikahi.