Moto Mkubwa Sana

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, lakini makazi yangu ni Majengo, Pumwani, jijini Nairobi. Mwaka 2018 mjukuu wangu aliniletea insha yake juu ya moto wa Gikomba wa mwezi Juni, ulioua watu wasiopungua 15 na kuteketeza kibanda cha mitumba cha mama yake. Aliandika: "Moto ulikuwa mkubwa sana. Mama alihuzunika sana."

Sikumkemea. Nilimwuliza, "Asubuhi yake nguo za mamako zilikuwaje?"

"Babu, zilikuwa bado zatoa moshi."

"Basi zilikuwa zikifuka. Kuni huwaka, wali huungua, nyumba huteketea. Na mamako je?"

"Alikuwa akichakura majivu, akitafuta kufuli lake."

Akafuta "sana" zote mbili, akayaandika hayo. Mama yake alipoisoma, alilia.

Wazazi wenzangu, sisi wa pwani twatofautisha kitale, dafu, koroma na nazi. Tusiwakaririshe watoto misemo ya kupamba insha. Tuwaulize kwanza waliona nini, kisha tuwape neno lake.