UFAFANUZI KUHUSU MGONGANO WA CHANELI ZA WI-FI MAOFISINI

Watumishi wa Serikali, pamoja na wananchi wanaofika maofisini kutaka huduma, wanatanabahishwa kuwa si kila uzito wa intaneti hutokana na kampuni inayouza huduma hiyo. Mara nyingi kasi iliyolipiwa hufika salama katika chumba cha mitambo, kisha ikapotea hewani baina ya kisambazaji cha Wi-Fi na kompyuta ya mtumishi. Mwananchi aliyekuja kuchukua cheti cha kuzaliwa hukaa akisubiri, na ofisi huandika barua ya kuomba iongezewe kasi. Fedha hulipwa, na hali ikabaki pale pale.

Kabla ya barua hiyo kuandikwa, ichukuliwe kompyuta moja na iunganishwe kwa waya. Iwapo kwa waya kasi ni nzuri na bila ya waya ni mbovu, tatizo limo ndani ya jengo, wala kampuni haina la kujibu.

Wi-Fi ni redio. Katika masafa ya gigahezi 2.4, nchi nyingi huruhusu chaneli 13, nazo zimepishana kwa megahezi 5 tu, ilhali kisambazaji kimoja huhitaji upana wa kiasi cha megahezi 20. Kwa hivyo anayetumia chaneli ya 1 huzimwagikia pia ya 2, ya 3 na ya 4. Chaneli zinazokaa pamoja bila ya kugusana ni tatu: ya 1, ya 6 na ya 11, ambazo vitovu vyake ni megahezi 2,412, 2,437 na 2,462. Wapo mafundi wanaopendelea mpango wa chaneli nne, yaani 1, 5, 9 na 13. Mpango huo una hoja zake, lakini vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani huishia chaneli ya 11, na jirani aliyekwisha kukaa katika 6 atagongana na 5 na 9 kwa pamoja.

Hapa ndipo wengi hukosea. Fundi huona jirani yuko katika chaneli ya 6, naye akaweka chake katika ya 8 akidhani amemkimbia. Kwa kweli amejitia pabaya zaidi. Vifaa vya Wi-Fi vina adabu ya barazani: kila kimoja husikiliza kwanza, na kikikuta mwenziwe anazungumza hungoja zamu. Wawili walio katika chaneli moja hufahamiana maneno, wakagawana muda. Kasi hupungua, lakini ujumbe hufika. Walio katika chaneli zinazogusana nusu nusu hawafahamiani. Kila mmoja humsikia mwenziwe kama kelele tu, ujumbe huharibika njiani na hulazimika kurejewa tena na tena. Ikiwa hapana chaneli iliyo tupu, ni bora kushirikiana na jirani katika chaneli yake ile ile kuliko kujibanza kando yake.

Kuongeza nguvu ya kisambazaji nako si dawa. Simu ina redio ndogo. Itakisikia kisambazaji kutoka mbali, lakini chenyewe hakitaisikia simu, na juu ya hayo kitawasumbua majirani wa ghorofa nzima. Nguvu ya gigahezi 2.4 ipunguzwe, visambazaji vikae ndani ya vyumba vya kazi, na visipangwe katika ukumbi mrefu ambamo vyote husikilizana. Katika majengo ya Mji Mkongwe kuta nene za mawe na chokaa huzuia mawimbi, na wengi hulalamikia jambo hilo. Lakini kuta hizo hizo huwatenga majirani, na chaneli moja huweza kutumika tena vyumba vichache mbele. Majengo mapya yenye vizuizi vya mbao hayana bahati hiyo.

Kompyuta na simu zinazoweza kutumia gigahezi 5 zihamishiwe huko, kwani chaneli ni nyingi na upana wa megahezi 20 au 40 watosha. Mitambo mingi hutoka kiwandani ikiwa imewekwa megahezi 80, ambazo humeza chaneli nne kwa mara moja. Ofisi yenye visambazaji vingi isiuache mpango huo. Chaneli za 52 hadi 144 hutumika pamoja na rada, zikiwemo za hali ya hewa. Kisambazaji hulazimika kusikiliza si chini ya dakika moja kabla ya kuanza, na kikisikia rada hutakiwa kuhama papo hapo. Ofisi ambayo Wi-Fi yake hukatika ghafla bila ya sababu, hasa iliyo karibu na uwanja wa ndege, ichunguze jambo hili mapema. Aidha, nchi inayoandikwa ndani ya mitambo iwe Tanzania, kwani chaneli na nguvu zinazoruhusiwa hufuata maandishi hayo.

Kila jina la mtandao hujitangaza takriban mara kumi kwa sekunde hata pasipokuwa na mtumiaji. Majina mawili yanatosha, moja la watumishi na jingine la wageni. Maikrowevu ya jikoni hufanya kazi karibu na megahezi 2,450, hivyo isiwekwe jirani na kisambazaji. Watumishi nao wanaombwa kuzima hotispoti za simu zao wawapo kazini.

Visambazaji vinavyojichagulia chaneli visiaminiwe moja kwa moja. Umeme ukirejea, vyote huamka pamoja na huweza kuangukia chaneli moja. Wakuu wa ofisi wanaombwa kuhakikisha kuwa fundi ameandika chumba, chaneli, upana na nguvu ya kila kisambazaji, na orodha hiyo ibandikwe nyuma ya mlango wa chumba cha mitambo.