Kompyuta Kuukuu Si Chuma Chakavu

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Tangu hapo wengi wamezihesabu kompyuta zao za mkononi za zamani kuwa mizoga. Sisi twasema la: kilichokoma ni huduma, si mashine.

Tunayo ThinkPad T420, toleo la mwaka 2011. Windows 11 haiipokei rasmi. Tuliiwekea Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka 1993 na kujengwa juu ya kiini cha Linux, kazi aliyoianza Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991. Mfumo huo hutolewa bure.

Kazi yenyewe yataka nidhamu kuliko elimu. Kwanza, nakili faili zote mahali pengine. Sisi tuliwahi kulipuuza jambo hili, na picha za marehemu mama yetu zikafutika zisirudi tena. Pili, andika mfumo kwenye flashi, kisha washa mashine kwa flashi hiyo. Tatu, chagua sura nyepesi ya Xfce, kwani kumbukumbu ya gigabaiti 4 haistahimili mizigo mizito. Mwisho, pakia Python, kihariri cha Vim na gcc, chombo kigeuzacho maandishi ya lugha ya C kuwa programu. Vyote vimo katika ghala la Debian.

Hivyo basi, kijana asiye na fedha za mashine mpya amekwisha kupata karakana yake ya kujifunzia. Ndugu wasomaji, jungu kuu halikosi ukoko. Kabla ya kuitupa kompyuta, ijaribuni.